Mume Wangu Alimbuku Mwanetu Kama Mtoto wa Dada wa Kazi

Nina miaka thelathini na nane, mama wa watoto wawili wa kike. Ninaishi Pasiansi, na mchana nauza vitenge kwenye kibanda changu kule mjini, Nyamagana. Nawasimulia haya nikiwa nimechoka... Siyo uchovu wa kulala ukaamka ukawa sawa. Huu umeingia kwenye mifupa. Sitafuti huruma ya mtu, nataka mnisikilize tu.

Mwanangu wa kwanza anaitwa Kabula. Alizaliwa mvua inanyesha, bibi yake upande wa baba akampa jina hilo la Kisukuma. Sasa ana miaka kumi. Ana mtindio wa ubongo. Hatembei, mikono yake inakaza, chakula analishwa, na maneno yake ni machache mno. Lakini akili anayo! Ukimsema vibaya anajua. Ukimdanganya anajua. Ukimtania anacheka mpaka pumzi inamkwama. Wa pili ni Glory, ana miaka minne, mzima wa afya, na mdomo wake haujui kupumzika.

Baba yao ana kazi nzuri kwenye ofisi moja hapa jijini. Nyumbani alimpenda Kabula, sitasema uongo. Alimbeba, alimwimbia, alimkata kucha. Shida ilikuwa mlangoni. Akivuka mlango, Kabula haendi naye. Kanisani, "atachoka." Harusini, "kuna jua." Kwa ndugu zake kule ng'ambo ya ziwa, Busisi, "safari ndefu mno kwa mtoto." Kila mara sababu ilikuwa ya huruma. Sasa huruma ningebishana nayo vipi?

Basi mwishoni mwa mwaka ofisi yao ikaandaa mapumziko ya siku mbili kwenye hoteli moja ya ufukweni mwa ziwa, nje kidogo ya mji. Familia zote zimealikwa. Nikamwambia mume wangu kwamba safari hii Kabula anakwenda, na Pendo, dada wetu wa kazi, anakwenda kunisaidia. Sikutaka makubwa, jamani! Nilitaka mara moja tu, mbele za watu, mwanangu akae kando ya baba yake. Akasema sawa.

Nikapiga simu hotelini mwenyewe. Akapokea binti wa mapokezi, anaitwa Rehema. Nikamweleza mtoto wangu anatumia kiti cha magurudumu. Je, kuna chumba kisicho na ngazi?

"Haina shida, mama."

Mlango wa bafu je, kiti kitapita?

"Haina shida kabisa!"

Nikamwambia, "Mwanangu, huku kwetu haina shida ni salamu, siyo jibu. Toka hapo ulipo, kaangalie huo mlango." Akacheka, lakini alikwenda kweli! Akarudi na kuniambia kuna chumba kimoja cha chini, usawa wa bustani, mlango wake ni mpana, na ukifungua dirisha ziwa hili hapa. Nikamwomba anishikie.

Nilipomsimulia mume wangu, akasema, "Niachie mimi. Ofisi ndiyo inabuku vyumba, nitawapigia mwenyewe nimalizane nao." Nilifurahi kama mjinga. Ilikuwa mara ya kwanza anajitwisha jambo la Kabula nje ya nyumba yetu. Usiku nilimshukuru Mungu... Jamani, nilimshukuru!

Kwa wiki nzima nilimwimbia Kabula habari za ziwa. Maji anayapenda kupita kiasi. Hata beseni la kuogea likijazwa, anapiga kelele za furaha.

Siku yenyewe tukafika. Mume wangu akabaki nyuma anahangaika na buti ya gari. Mimi nikatangulia na Glory mkononi, Pendo anasukuma kiti cha Kabula. Rehema akanipokea kwa bashasha. "Karibu sana Mama Glory! Chumba chenu kipo juu kule kwenye mawe, mtaliona ziwa lote. Dada na mwanawe tumewawekea kile cha nyuma, jirani na jiko."

Nikauliza, dada gani na mwanawe gani?

Akawanyooshea kidole Pendo na Kabula. "Si baba alivyosema kwenye simu? Baba, mama na mtoto mmoja. Halafu dada na mtoto wa dada."

Pendo akashika kiuno. "Makubwa! Mimi nimezaa lini, mama? Hata mchumba sina!" Akacheka. Na mimi nikacheka. Nilijisemea Rehema amesikia vibaya, simu zenyewe si mnazijua. Nikamuuliza kuhusu kile chumba cha chini, maana mimi ndiye niliyepiga simu kuhusu kiti cha magurudumu. Yule binti akakitazama kiti cha Kabula, kisha akanitazama mimi.

"Mama... kumbe ni wewe? Nilikushikia. Baba akapiga akasema hakihitajiki, huyo mtoto ni wa dada, popote atalala. Kimeshachukuliwa."

Mume wangu akaingia wakati huohuo. Hakuhitaji kuulizwa, alituona nyuso. Akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Usianze. Ni siku mbili tu. Nitakueleza tukifika nyumbani." Bosi wake na mkewe walikuwa wanashuka kwenye gari lao palepale nje.

Mngefanya nini, ndugu zangu? Mimi nilinyamaza. Watoto wamevaa vizuri, wamefurahi, nianzishe vita mapokezi? Tukampeleka Kabula nyuma. Mlango ulikuwa mwembamba, kiti kikabaki nje, tukambeba. Dirisha linatazama ukuta wa jiko, harufu ya samaki wa kukaanga imejaa ndani. Kabula akawa anageuza shingo, anatafuta maji. Anaangalia ukuta, ananiangalia mimi. Anaangalia ukuta, ananiangalia mimi... Nikamwambia tutakwenda, mama, tutakwenda.

Mchana tukakutanishwa bustanini, meza zimepangwa, sato na wali na kila kitu. Mke wa bosi, mama wa heshima zake, akaja kunisalimia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akamshika Glory shavu. "Mama Glory, huyu ndiye kifungua mimba wako? Hongera, mzuri kweli!"

Hapo ndipo nilipofumbuka macho. Mnajua desturi yetu. Mzazi anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na jina likishakukaa hulibadilishi hata ukizaa kumi. Pasiansi hata muuza maandazi ananiita Mama Kabula. Kumbe ofisini kwake mume wangu ni Baba Glory! Glory ana miaka minne. Je, ile miaka sita kabla yake aliitwa nani? Aliwaambia hana mtoto? Nilikaa pale na sahani mbele yangu, wali ukawa mchanga mdomoni.

Kisha ukaja utambulisho. Kipaza sauti kinazunguka, kila mfanyakazi anasimama na familia yake. Pendo alikuwa amemleta Kabula hadi kwenye ukingo wa bustani ili angalau alione ziwa. Zamu ya mume wangu ikafika. Akasimama, akanishika bega, akasema huyu ni mke wangu Mama Glory, na huyu ndiye mtoto wetu, wa kwanza na wa pekee mpaka sasa.

Sauti yake ikapita kwenye maspika, ikamfikia Kabula. Mtoto akaitambua! Akainua kichwa, mikono ikarukaruka, akapaza sauti kwa nguvu zake zote, "Baa! Baa!"

Watu wote wakageuka. Mke wa bosi akauliza, anamwita nani huyo mtoto, maskini? Na mume wangu, na kipaza sauti kikiwa bado mkononi, akatabasamu na kusema, "Huyo humwita kila mwanaume hivyo."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, hawakujua. Na Kabula alipoona watu wanacheka, naye akacheka. Alicheka akimtazama baba yake, akidhani ameitikiwa.

Niliinuka. Sikupiga kelele, sikugombania kipaza sauti, nguvu hizo sikuwa nazo. Nilivuka ile bustani nikakishika kiti, magurudumu yakazama kwenye mchanga, mimi na Pendo tukakinyanyua juujuu mpaka mezani. Nikakiweka kando ya mume wangu. Nikasema, "Shikamooni wakubwa. Mimi jina langu ni Mama Kabula. Kabula ndiye huyu. Hana mama mwingine, na baba yake ni huyu aliyesimama."

Hakuna aliyecheka tena. Mume wangu aliweka kipaza sauti mezani taratibu, akaondoka kwa hatua za haraka kuelekea kwenye gari. Nikamfuata. Alikuwa analia! Akaniambia, "Umenidhalilisha mbele ya bosi wangu." Nikamuuliza, "Kwa lipi? Kwa kumtaja mtoto wako?" Akasema mimi sielewi, wanaume wanasemana, wangesema ana damu mbaya, wangesema amelogwa au amemtoa mtoto kafara apate cheo. Kumbe miaka yote alikuwa anaogopa midomo ya watu! Akawasha gari akaondoka. Tukabaki mimi, Pendo na watoto.

Jioni ile mke wa bosi alikuja na vijana wawili wa ofisini. Wakakibeba kiti mpaka majini, miguu ya Kabula ikaguswa na mawimbi. Alipiga kelele za furaha mpaka watu wa meza nyingine wakaja kutazama. Mimi nilisimama pale nikimshikilia, nalia bila sauti. Hata ile furaha nilishindwa kuifurahia. Ya kwake haikuwa na kasoro, mwacheni afurahi. Yangu ilikuwa imeshakwenda na gari.

Tulirudi kwa bajaji. Mume wangu hakukaa nyumbani hata mwezi mmoja. Aliomba kuhamishiwa Geita, akahama na nguo zake zote. Ndugu zake wakanijia juu, eti mwanamke mwerevu humsitiri mumewe. Wifi yangu mmoja aliniambia ningevumilia siku mbili tu ndoa yangu ingekuwepo. Labda ni kweli. Nimeshachoka kubishana.

Lakini sikilizeni jambo moja. Juzi juzi alipiga simu. Akasema ameyatafakari, anataka kuja kuwaona watoto. Nikamuuliza watoto gani? Akasema, "Glory... na yule mkubwa." Nikamuuliza yule mkubwa anaitwa nani? Nilisikia pumzi zake tu kwenye simu. Nikamwambia, baba, siku ukiweza kulitaja jina lake, hata ukiwa peke yako ndani ya gari, njoo, mlango uko wazi. Hajaja mpaka leo.

Nawasihi akina mama wenzangu wenye watoto kama wangu. Mkienda hotelini, harusini, popote, bukuni wenyewe. Ulizieni ngazi, ulizieni milango, lakini ulizieni pia mtoto wenu ametajwa kama nani. Ngazi mtambeba mkazipanda. Kukanwa hakubebeki.

Na nyinyi akina baba, msijidanganye kwamba asiyeongea hasikii. Anawajua kwa sauti hata mkiwa mbali. Mtoto mnayemficha leo kwa sababu ya jua, kesho mtamficha kwa sababu ya bosi, na mtazoea. Mpaka siku mtakayoulizwa mna watoto wangapi, na yeye yuko palepale anawatazama, anasubiri ahesabiwe.