Aonje Mwenyeji Kwanza

Sangwa alikuwa na mdomo, nakwambia. Shule aliikimbia kidato cha pili kule Karagwe, akarudi Kigali na mama yake, na sasa Niboye nzima imetangaziwa: jamaa anaandika kitabu cha mizimu. Hajaandika hata mstari! Mwanzo tu ndio alikuwa nao kichwani: siku alipotumbukia kisimani akiwa mdogo, mama yake akamvuta kwa khanga ya njano. Hadithi zilizobaki angezichota kwa bikizee Mukarugwiza, ambaye mtaa mzima ulimkwepa.

Jioni alipokuwa anakwenda kwake, Shallon muuza chapati alimdaka kwenye kona.

"Akikupa pombe, aonje yeye kwanza. Mwenyeji asipoonja, usiguse."

"Dada, mimi nimekulia kwenye rubisi! Endelea hivyo nikuweke kitabuni, uwe mzimu."

"Mjinga wewe."

Nyumba ya bikizee ilinuka ndizi zilizochacha na udongo mbichi. Giza. Kirago. Kibuyu cha urwagwa, pombe ya ndizi, na mrija mmoja.

"Unataka hadithi, mutoto?"

"Zote, bibi. Hasa zile mbaya."

"Kunywa."

Hakuonja. Sangwa aliona wazi kwamba hakuonja. Lakini mtu atakayetisha dunia nzima aogope kibuyu? Akavuta.

Tamu. Halafu... baridi, mpaka kwenye fizi.

Akaacha kuvuta.

Mrija haukuacha.

Fyoo... fyoo... Ulimnyonya ulimi, ukamnyonya koo, ukashuka kutafuta kitu kifuani. Akaung'oa kwa mikono miwili, damu ikamtoka mdomoni.

Bikizee alikuwa amefumba macho. Anatafuna.

"Kisima," akanong'ona. "Mutoto anaanguka. Mama anamuvuta na khanga ya njano... Mmh. Hii iko tamu."

Hadithi nzuri, Sangwa akawaza. Huyo mtoto ni wa nani?

Ndipo akatoka mbio. Miguu yenyewe ilijua njia.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye khanga ya njano mabegani, imefifia. Akaona damu kwenye midomo ile, akashika mwimo wa mlango.

"Ulikwenda kwa yule bikizee? Alionja kwanza? Mwanangu, nijibu!"

Sangwa akamtazama. Akarudi nyuma kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Samahani... tunafahamiana?"

Kule bondeni, kwenye nyumba ya bikizee isiyo na taa, mtoto mdogo alikuwa analia. Sauti yake ilikuja na mwangwi, kama inatoka ndani ya kisima.