Posa ya Msaliti wa Runinga

"Weka kikombe chini! Asinywe mtu!"

Wageni wote wakageuka. Mlangoni alisimama Bibi Wadha, bibi mzaa baba wa Abir, mkono kiunoni. Ami Fawwaz, aliyekuja kumposa Abir kwa niaba ya Sufyan, mtoto wa kaka yake, hata hakuwa amekigusa kikombe. Kwao mjini Karak, kahawa ya posa hainywewi mpaka jibu litoke.

"Mama, kuna nini tena?" akauliza baba yake Abir, kaona aibu.

"Unaniuliza mimi?" Bibi akamnyooshea Sufyan kidole. "Huyu si ndiye aliyemuuza mgeni wake kwa maadui? Mgeni kala mkate wake, kalala hemani mwake! Nimemwona kwa macho yangu!"

"Ile ni tamthilia, mama!"

"Na machozi niliyolia Ramadhani nzima, nayo ni tamthilia?"

Loo! Sufyan akatamani zulia limmeze. Miaka yote aliyoigiza jukwaani Amman, hakuna aliyemjua. Runinga ilipompa jina, ikampa la msaliti. Hata muuza matango alimfukuza dukani.

Simu ya Sufyan ikatetemeka: ujumbe wa Abir. Abir alikuwa chumba cha pili, anasikia kila kitu.

"Sema chochote, mpenzi. Ukinyamaza tumekwisha."

Sufyan akasimama. Mtu wa kukariri mchezo mzima bila kukosea, leo mdomo mkavu.

"Bibi... mimi... yaani Abir..."

"Abir kafanyaje?"

"Ukumbi ulipokuwa mtupu, yeye alikuja. Mvua, baridi, alikuja tu. Nilitaka kuacha, nikauze vipuri kwa ami. Akaniambia... akaniambia... Chochote nilichonacho kimetokana na yeye. Hata ukininyima, bibi, mimi nashukuru."

Machozi yakamtoka, na kamasi juu yake, mbele ya wazee wa watu. Akajifuta kwa mkono wa koti.

Bibi Wadha akamsogelea, akamkagua usoni.

"Yule mshenzi wa kwenye runinga hakosi maneno hata siku moja," akasema taratibu. "Ulimi wake asali tupu. Huyu kushukuru tu kumemshinda, analia kamasi."

Akamgeukia mwanawe.

"Siye huyu. Mpeni mke."

Ami Fawwaz akaigugumia kahawa kabla bibi hajabadili mawazo. Kule chumbani Abir akapiga kigelegele, akasahau kabisa kwamba mposwa hatakiwi kusikika.

Sufyan akapiga magoti, akaubusu mkono wa bibi.

"Ahsante, bibi. Ahsante. Ahsante."

"Basi, mwanangu, inatosha," bibi akasema, na yeye sasa analia. "Nenda kamwambie Abir mwenyewe."