Filimbi ya Jiwe Jeupe

Kila asubuhi wakati wa mvua, hata kabla ya kupiga mswaki, watoto wa mtaa wa bondeni huchungulia mtoni kulitazama jiwe jeupe. Seremala wa mtaa ndiye aliyelipaka rangi, pale chini ya daraja. Likionekana, watu huendelea na shughuli zao. Maji yakilifunika, filimbi hupigwa, na kila anayeisikia hukimbilia kwanza nyumba iliyo karibu zaidi na mto kusaidia kuinua vitu, ndipo arudi kwake.

Filimbi hushikwa na mtoto mmoja msimu mzima. Safari hii Chiriku alijua ni zamu yake. Aliitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Nyumba iliyo karibu zaidi na mto ilikuwa yao, na chumba cha mbele ndimo mama yake alimoshonea nguo za watu. Lakini seremala alimvisha filimbi Kimya, binti wa shangazi yake Chiriku, aliyehamia kwao juzijuzi tu.

"Huyu ametulia," alisema seremala. "Chiriku ataipiga hata akiona bata."

Watu wakacheka. Chiriku naye alicheka, lakini moyoni alikuwa anaungua. Kimya alilala kitandani kwake, alisifiwa kwa kuosha vyombo, alishonewa gauni jipya, na sasa filimbi! Kila alipoiona ikining'inia kifuani mwa binamu yake, wivu ulimzidi.

Siku moja Kimya aliivua akaenda kuoga. Chiriku alimega kipande cha sabuni iliyolowa, akakishindilia ndani ya filimbi.

"Tuone sasa nani ametulia," alinong'ona.

Mchana huo mvua kubwa ilinyesha milimani. Mama alikuwa ametoka kununua vifungo, ameacha sare za shule za wateja mkekani, kando ya cherehani. Chiriku, akiwa barazani, alimwona Kimya darajani akipuliza filimbi, mashavu yamevimba, macho yamemtoka. Hakuna mlio. Chiriku akacheka mpaka akashika mbavu.

Kisha akaona maji ya matope yakilamba ngazi ya mlango wao. Kicheko kikamwishia mdomoni. Cherehani ya mama!

"Hailii!" Kimya alikuja mbio, analia. "Chiriku, filimbi hailii!"

"Majiiii!" Chiriku alipiga kelele kwa nguvu zake zote. "Jiwe limefunikwa! Jamani, njooni!"

Seremala alitupa randa yake akaja mbio, majirani nyuma yake. Waliinyanyua cherehani na kuipandisha mezani, maji yakiwa tayari yameingia chumbani. Sare zililowa tope.

Mto uliposhuka, seremala aliikung'uta filimbi. Povu likamdondokea kiganjani.

"Kimya! Umeoga nayo?" aliuliza kwa ukali. "Nilikuamini, mwanangu!"

Kimya aliinamisha kichwa. Seremala akamvua filimbi na kumvisha Chiriku.

"Ishike wewe, uliyetuita."

Ndiyo ile ile aliyoitamani. Sasa ilikuwa shingoni mwake, na watu wote walimtazama kwa sifa. Chiriku alimtazama Kimya akifuta machozi kwa lile gauni jipya.

"Si yeye," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Ni mimi. Nilitia sabuni. Nilimwonea wivu."

Aliivua filimbi, akamrudishia mwenyewe. "Nisamehe, binamu."

Kimya aliipokea. "Nitakusamehe," alisema, "lakini si leo."

Mama yake Chiriku, aliyekuwa amerudi, alizitazama sare zilizochafuka.

"Ulitaka kumkomoa mwenzako," alisema hatimaye, "lakini maji hayakuuliza nani anamchukia nani. Yaliingia kwetu, yangeweza kuingia kwa yeyote. Mwanangu, wivu utakujia tena, sote hutujia. Ukikujia, niambie, hata kwa kulia. Usiufiche moyoni mpaka ukutume kazi."

"Ndiyo, mama."

"Haya, sare hizo zioshe zote, zitakate kabla wenyewe hawajazifuata." Mama alimsogezea beseni. "Sabuni unajua ilipo."