Milembe na Pinde Tatu Zilizovunjika

Kila asubuhi Milembe aliteka maji ndoo mbili, akafagia uwanja, akanywa uji, kisha akashika njia ya shule akiwa na jembe begani. Mpini wa jembe lile ulikuwa na jina lake, MILEMBE, limekatwa kwa kisu, herufi baada ya herufi. Shuleni kwao, nje kidogo ya mji wa Bariadi, kifaa kisicho na jina hakikuwa na mwenyewe. Ukiliweka jembe chini ukaenda kunywa maji, ukirudi unalikuta linalima kwa mikono ya mtu mwingine, na mtu huyo anakutazama kana kwamba mwizi ni wewe.

Ulikuwa msimu wa pamba, mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kufika vijijini na malori yao. Watu walilipenda sana neno soko huria, wakalitumia hata walipobadilishana kuku. Ndipo Mwalimu Scola, aliyefundisha Stadi za Kazi, alipotoa tangazo darasani.

"Baada ya wiki tatu ni Siku ya Wazazi. Darasa la sita mtashindana kulenga shabaha. Kila mtu aje na upinde aliouchonga mwenyewe, na uwe na jina. Wa kuazima kwa baba, sitaki! Asiye na upinde atawaokotea wenzake mishale."

Darasa zima liliguna. Karibu kila nyumba ilikuwa na upinde wa sungusungu, walinzi wa kijiji, ukutani, na wengi walikuwa wamekwisha kuupigia hesabu.

"Wewe chonga mwiko," Dastan, jirani yake wa dawati, alimnong'oneza Milembe. "Sisi tutarusha mishale, wewe uturushie ugali."

"Nitachonga upinde, na utaona!" Milembe alijibu kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Darasa zima likageuka. Basi, maneno yakawa yamekwisha kutoka.

Jioni ile alikwenda kwa mjomba wake, Machibya, mfuga ng'ombe na mwanasungusungu.

"Mwadila, mjomba," alimsalimu kwa Kisukuma. "Upinde unachongwa kwa mti gani?"

"Mkole," Machibya alijibu bila kufikiri. "Mwingine wa nini?" Akaingia jikoni, akashusha fimbo ya mkole iliyokuwa ikikauka juu ya kichanja, kwenye moshi, akampa.

Milembe alichonga siku nne. Viganja vilitoka malengelenge, lakini upinde ukapendeza. Mwisho akakata jina lake kwa kisu, upande wa nje, herufi kubwa zenye kina, ili hata aliye mbali asome. Akafunga kamba na kuvuta.

Ta! Upinde ukavunjika vipande viwili mikononi mwake.

Alitazama huku na huku. Aliyemwona ni kuku tu. Akavichukua vile vipande, akavichomeka katikati ya kuni za mama yake, kisha akaenda kwa fundi Luhaga, seremala.

"Fundi, mjomba alinipa mkole. Umejivunjikia tu, hata sijauvuta."

Luhaga alicheka hadi randa ikamtoka mkononi. "Machibya anajua ng'ombe. Mti ataujulia wapi? Chukua huu mninga, binti. Mti wa watu wenye akili."

Milembe akauchonga mninga. Akakata jina lake, upande uleule wa nje. Akavuta. Ta!

Sasa kichwa kikaanza kumzunguka. Mkole mbaya, mninga mbaya, basi mti mzuri ni upi? Akarudi kwa mjomba na maneno mengine mdomoni.

"Mjomba, ule mkole niliuacha kwanza. Fundi Luhaga alisema mkole haufai, akanipa mninga. Nao ulikuwa mbovu."

"Mninga!" Machibya aliruka. "Mninga ni wa vitanda! Alitaka ukalenge shabaha au ukalale?" Akampa fimbo ya pili ya mkole. "Na huyo Luhaga nitamwuliza anijibu."

Upinde wa tatu ulivunjika Jumamosi. Milembe alikaa chini nyuma ya jiko, akashika kichwa. Zilibaki siku tano. Dastan aliwahi kumwambia atumie bomba la maji badala ya mti, kwa kuwa siku hizi kila kitu ni ruksa, na sasa wazo hilo halikumchekesha tena. Au yeye alikuwa na mkosi? Au miti ilikuwa inamchukia?

Wakati huohuo, kwenye mizani ya pamba, Machibya na Luhaga walikuwa wamekwisha kukutana. Mmoja alisema, mwingine akajibu, na foleni nzima ikasahau pamba ikasikiliza. Luhaga akaapa kwamba hatalitengeneza gurudumu la mkokoteni wa Machibya. Machibya akasema hata likitengenezwa, mkokoteni huo hataupanda.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, wote wawili walifika nyumbani kwa Apolonia, mama yake Milembe, kila mmoja amenuna.

"Dada, mwite mtoto," alisema Machibya. "Aulete mninga wa bwana huyu tuuone."

"Aulete na mkole wa bwana yule," alisema Luhaga.

Milembe alisimama mlangoni. Kama angesema hajui vipande vilipo, huenda wangegombana kidogo tu kisha waondoke. Alimtazama mjomba wake, akamtazama fundi, watu waliokula sahani moja miaka yote. Akaingia jikoni, akapekua kuni, akarudi na vipande mkononi.

"Nimewadanganya," alisema, machozi yakimlenga. "Pinde hazikujivunjikia. Nilichonga, nikavuta, zikavunjika. Na mjomba, ule mkole wa kwanza sikuuacha. Zote tatu zimevunjika, na sijui kwa nini."

"Kumbe!" Apolonia alishika kiuno. "Jana nimepikia maharage kijiti kilichoandikwa EMBE. Nikasema, kuni za siku hizi zina majina!"

Luhaga hakucheka. Alichuchumaa, akavipanga vipande vitano vilivyobaki chini. Akapitisha kidole gumba pale palipovunjika. Akampa Machibya kimoja. Wazee wale wakatazamana, kisha wakaangua kicheko kwa pamoja, Machibya akamshika fundi bega asianguke.

"Mpwa wangu, tazama," Machibya alisema alipopata pumzi. "Zote zimevunjikia kwenye jina. Upinde una mgongo na tumbo. Tumbo linakutazama wewe, hapo chonga utakavyo. Mgongo unatazama shabaha, na ndio unaotanuka ukivuta. Ukikata nyuzi za mti hapo, umekwisha kuuvunja kabla ya kuuvuta."

"Mpini wa jembe haupindi," aliongeza Luhaga. "Ungeukatia hata jina la ukoo mzima."

Jikoni kwa Machibya ilibaki fimbo moja ya mkole, yenye kifundo na kupinda kidogo. Milembe aliichonga upande wa tumbo tu, wazee wawili wakimsimamia, wakibishana kwa furaha. Jina aliliandika kwa wino kwenye kitambaa alichokizungushia mahali pa kushikia.

Siku ya Wazazi aliuvuta upinde huku amefumba jicho moja kwa kulenga na la pili kwa woga. Ukapinda, ukatulia, mshale ukaruka. Alishika nafasi ya nne. Upinde ulibaki mzima.

Machibya, aliyefika kwa mkokoteni wenye gurudumu jipya, alimpa mkono.

"Milembe, wiki tatu umeuliza mti gani, na jibu ulilificha kwenye kuni. Ungenionyesha vipande vya kwanza, usingevunja upinde wa pili, wala mimi nisingemtukana rafiki yangu mbele ya watu. Kuharibu kazi si aibu, wote tunajifunza hivyo. Lakini ukificha ulichoharibu, wengine wanabeba lawama, na wewe unabaki hujui."

"Nimeelewa, mjomba," alisema Milembe. Akachukua mshale mwingine, akaenda kuomba nafasi ya kujaribu tena.