Alama Tatu Zisizoguswa

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, Nahodha aliingia karakana ya vifaa vya boti bila hodi, akaitupa kadi ya GPS mezani. Nyuma yake walikuwa kaka yake mkubwa ambaye ni mshona nyavu, na mkwewe aliyemwoa binti yake mwaka jana.

"Siku tatu narudi mtupu. Alama zangu za kuvulia zimechezewa, na kadi anaishika huyu mkwe. Ikithibitika, atashuka botini, na binti yangu atarudi nyumbani."

"Baba, sijazigusa," mkwe alisema.

Fundi, mwanamke aliyeamini mashine kuliko wanaume, alifungua programu ya ramani. Mistari ya safari za zamani ilionyesha boti ilipozoea kuzunguka. Alama zilikaa pembeni, nusu kilomita mashariki.

"Zimesogezwa kwa pamoja Alhamisi, saa nane mchana. Zilizobaki mahali pake ni tatu tu: namba saba, kumi na tisa na thelathini na tatu."

"Ni Kidevu wa boti ya jirani!" Mshona nyavu alidakia. "Ana kijicho yule."

"Mwizi angenakili akavua kimya kimya. Alhamisi saa nane kadi ilikuwa wapi?"

"Kwenye kompyuta ya baba, sebuleni," mkwe alijibu. "Alikuwa ananifundisha, tukaitwa kula."

"Nani hakula?"

"Baba mkubwa tu. Alisema ameshiba."

Fundi alimgeukia Nahodha. "Hizo tatu ni nini?"

"Miamba," Nahodha alinong'ona. "Marehemu baba aliipa namba kama sehemu za samaki, ili mwizi wa alama apasue boti."

Mkwe alishtuka. "Mimi nilidhani ni za kuvulia!"

"Basi ungekuwa wewe, ungezisogeza na hizo. Aliyeziacha," Fundi alisema, "aliijua miamba, na hakutaka boti igonge, mtu afe. Nani mwingine anaijua?"

Nahodha alimtazama kaka yake. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

"Miaka ishirini nilipima kina kwa kamba pamoja na baba," mshona nyavu alisema. "Mgongo ukanishinda, mkaniweka kwenye nyavu, nikanyamaza. Alhamisi nakusikia unamwambia huyu wa juzi, 'Mwanangu, hazina hii yako.' Mimi hata kuulizwa sikuulizwa! Wivu ulinikaba, chakula kisingepita. Nilitaka arudi mikono mitupu, aaibike. Sikutaka asirudi."

"Rudisha alama zangu, Fundi," Nahodha alisema kwa hasira.

Ilikuwa kazi ya dakika moja. Fundi alisimama, akamsogezea mshona nyavu kiti. "Kumfundisha huyu siwezi. Anayeijua bahari hiyo ni yeye."

Mzee alikaa. Mkwe alisita, kisha akavuta kigoda karibu.

"Tuanze na saba. Hapa usipite hata siku moja."

"Ndiyo, baba mkubwa."

Vichwa viwili viliinama kwenye ramani. Nahodha alibaki mlangoni, hana kiti wala wa kumwuliza neno, na safari hii wivu ulikuwa wake.