Orodha ya Barua Zilizozuiwa

Kila siku baada ya masomo, Herieth alipitia katika ofisi ya mjomba wake Severini, karibu na soko la Ifakara. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alisoma darasa la sita. Mjomba Severini aliwapigia watu chapa barua zao, na tangu mwanzo wa mwaka 1999 alikuwa na kompyuta iliyounganishwa na simu. Rafiki yake Anselim, fundi wa kompyuta mjini Dar es Salaam, alimwandikishia anwani ya barua pepe yenye jina la mjomba mwenyewe. Watu wa Idete, Lupiro na hata Masagati walifika pale kuulizia habari za ndugu zao walio mbali.

Kazi ya Herieth ilikuwa kupokea barua. Alibonyeza kitufe, simu ikakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, kisha barua zikaingia moja moja.

Mwezi wa Agosti, familia yake ilikuwa ikingoja barua moja tu. Festo, mdogo wake wa miaka saba, alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Darasani alikaa dawati la mbele, lakini ubao aliuona kama ukungu. Daktari Agnella, aliyempima, alisema kwamba mabingwa wa macho kutoka nje wangekuja Dar es Salaam kufanya upasuaji kwa majuma mawili, na kwamba angetuma tarehe kwa barua pepe.

"Mkiikosa nafasi hii mtangoja hadi mwakani," alimwonya mama yao, Tekla. "Na macho ya mtoto hayafai kungojeshwa."

Siku moja, mjomba akiwa posta, iliingia barua ngeni ya Kiingereza. Ilisema kwamba mpokeaji ameshinda baiskeli, naye atume jina lake. Herieth alitembea kwa miguu kutoka nyumbani kwao Mlabani kila siku. Alijibu upesi, akaandika jina lake, wala hakumwambia mtu.

Juma lililofuata barua taka zilimiminika: dawa za kuotesha nywele, saa za dhahabu, bahati nasibu. Zilikuwa nyingi hata simu ikakatika kabla hazijamalizika kuingia.

"Nani ameitoa anwani yangu?" mjomba aliuliza. "Herieth, unajua lolote?"

"Sijui, mjomba."

Mashimba, mfugaji aliyekuwa akingoja habari za kaka yake, alicheka. "Ng'ombe wangu wakikanyaga mpunga wa mtu, naitwa ofisi ya kijiji siku hiyo hiyo. Hizi zinakukanyaga kila siku, na mchungaji haonekani!"

Mjomba alimpigia simu Anselim.

"Anwani yako haitabadilika," Anselim alieleza. "Barua zako zote zitapitia kwanza kwa kampuni moja ya nje, izichuje. Zilizo safi zitakuja kwako. Zinazotiliwa shaka zitazuiwa huko, nawe utaletewa orodha yazo kila siku. Isomeni. Mashine nayo hukosea."

Kazi ya kusoma orodha alipewa Herieth. Siku ya kwanza aliifungua, na mstari wa pili ukasema kwamba baiskeli ya Herieth ilikuwa ikimngoja. Mjomba akiliona jina hilo, itakuwaje? Akaifuta orodha. Zilizofuata alizifuta bila kuzifungua.

Barua taka zilikoma. Majuma mawili yakapita, na barua ya Daktari Agnella haikufika.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa uani akipepeta mchele. Alipomaliza, aliinamia pumba na kuzipekua kwa vidole.

"Mama, si pumba hizo?"

"Ni pumba. Lakini upepo haujui kipi ni chakula chetu. Kuna punje huruka pamoja nazo. Nisipoangalia, nawapa kuku wali wa Festo."

Herieth alichuchumaa kando yake. "Mama, kuna jambo nimelificha." Akaeleza yote, tangu baiskeli hadi orodha.

Mama hakumpiga. Alijifunga khanga vizuri. "Twende kwa mjomba wako. Utamwambia kwa kinywa chako mwenyewe."

Ofisini, Herieth alimwamkia mjomba, kisha akasema kila kitu. Mjomba alisukuma kando barua aliyokuwa akiipiga chapa.

"Nilikuuliza, ukasema hujui."

"Niliogopa, mjomba."

"Hayo tutayazungumza. Kwanza orodha."

Alizirudisha kutoka kwenye kapu la taka la kompyuta, akazichapisha zote. Mama, aliyekuwa akihudhuria masomo ya elimu ya watu wazima, alichukua karatasi mbili.

"Kiingereza sikijui," alisema, "ila jina la mwanangu nalijua."

Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari, kikasimama.

"Ha-ra-ka. Fe-sto. Ni hii hapa!"

Anselim aliposomewa mstari huo kwa simu, alielewa. Daktari aliandika kichwa cha barua kwa herufi kubwa tupu, tena kwa lugha ambayo mashine ya ng'ambo haikuijua, nayo ikatia shaka. Aliifungulia, na baada ya nusu saa barua ikaingia. Festo alitakiwa kufika Jumatatu saa mbili asubuhi.

Alfajiri ya Jumapili mama na Festo walipanda basi.

Walirudi baada ya majuma matatu. Festo alikuwa amevaa miwani minene, akisoma kwa sauti kila kibao cha duka walichopita.

Siku hiyo mjomba alimketisha Herieth. "Kudanganywa si aibu, hata mimi ningeweza kuitaka baiskeli ile. Lakini ulipoficha kosa lako, uliificha na barua ya mdogo wako. Ukikosea, sema siku ile ile, kosa likiwa bado dogo, na wenzako wakiwa bado na muda wa kukusaidia."

"Nimeelewa, mjomba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa tusomee orodha ya leo."

Herieth alianza kusoma kwa sauti. Nyuma yake Festo alisogea karibu, akarekebisha miwani.

"Dada," alisema, "umeruka mstari wa tatu."