Nilimwambia Mama Nakwenda Nizwa

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa. Niliachika zamani, na Mungu hakunijaalia mtoto. Nakaa Darsait, Maskati, katika fleti ya ghorofa ya tatu ambayo mpaka mwaka jana tulikuwa wawili, mie na mama yangu. Sasa niko peke yangu. Mkinilaumu, ndugu zangu, haki yenu... mie nimeshajilaumu kabla yenu.

Mama alizaliwa Unguja. Uzeeni miguu ilimwisha nguvu, basi miaka sita mie ndiye niliyekuwa miguu yake. Nikitoka kazini, mama. Ijumaa, mama. Sikukuu, mama! Tukitoka kutembea, matembezi yenyewe ni kukaa ndani ya gari, vioo chini, tunakula kachori na kutazama wenzetu wanavyotembea. Nilimpenda, wallahi nilimpenda. Lakini nilichoka, na kuchoka kwenyewe nilikuwa naona haya kukusema.

Joto la Maskati likivunjika, mwisho wa mwaka, watu hutoka majumbani kama waliofunguliwa kifungoni. Mwaka jana na mie nikashikwa na hamu. Nikapata chumba cha kupanga Qantab, kijiji cha wavuvi nyuma ya majabali, nusu saa tu kwa gari. Siku mbili za kutembea peke yangu, kwa miguu yangu. Kuna ubaya gani hapo?

Ubaya ulikuwa ulimi wangu. Ningemwambia kweli, angesema, "Twende sote," na uso ungemng'ara. Nikaona nitashindwa kumkatalia. Basi nikamwambia natumwa na kazi, semina, Nizwa, mji wa bara, mwendo wa saa na nusu kwa gari, narudi Jumamosi.

Kwetu mtu hasafiri bila ya kuombewa. Mama akaegemea ukuta wa mlangoni, akaunyanyua msahafu kwa mikono miwili inayotetemeka, akaniambia nipite chini yake mara tatu. Akanisomea, akanipulizia usoni. "Nenda mwanangu, nna radhi nawe." Na mie, bila ya haya, nikaitikia amin! Nikaipokea dua ya safari isiyokuwepo. Jirani yetu Bi Zuwena akabaki kulala naye, nikashuka ngazi mbio kama mtoto aliyeiba sukari.

Siwafichi, nilifurahi. Alkhamisi ile jioni nilitembea ufukweni viatu mkononi, maji yanakuja mpaka vifundoni. Ijumaa asubuhi nikashika njia ya mawe inayopanda kutoka bondeni, nikapita migunga na mbuzi wanaokula majani kwa kusimama kwa miguu miwili. Upepo wa baridi, jua halichomi... Nilicheka peke yangu, nikageuka nimwonyeshe mtu wale mbuzi. Hapakuwa na mtu. Basi nikahisi upweke ambao sikuutarajia, nikajikaza, nikaendelea kupanda.

Na simu? Simu niliizima tangu nilipofika. Mnajua kwa nini? Nizwa hakuna bahari! Niliogopa mama akipiga atasikia mawimbi. Akili zangu zilifika huko, ndugu zangu... za kuuficha uongo zilinitosha, za kumfikiria mgonjwa zikapungua.

Niliiwasha Ijumaa baada ya maghribi, nimeshaoga, nimeshakula samaki wa kuchoma. Ikaanza kulia haikunyamaza. Kaka yangu Nassor. Bi Zuwena. Nassor. Nassor. Nassor. Kisha ujumbe wake wa mwisho, mstari mmoja: "Mama tumeshamzika."

Nilikaa chini mchangani. Sikulia. Nilisema tu, "Si kweli, si kweli," mpaka mwenye chumba akatoka kuniuliza kama nimeumwa na kitu.

Khabari yote nilipewa na Bi Zuwena. Asubuhi ile mama alibanwa na kifua, wakamkimbiza hospitali. Akasema, "Niitieni Salha," yaani mie. Nassor akapiga simu weee, hapati. Mama anaendelea kuniulizia. Basi Nassor akafanya jambo ambalo ndugu yeyote mwema angelifanya: akaingia garini akanifuata Nizwa! Aliingia hoteli moja akatoka, akaingia nyingine, anauliza semina iko wapi, watu wanatikisa vichwa. Alikuwa angali huko mama alipokata roho.

Mnanifahamu lakini? Mie nilikuwa karibu kabisa. Ningesema Qantab, angenileta kabla ya chai kupoa. Mama alizaa watoto wawili, akafa hana hata mmoja pembeni, mmoja kamdanganya, mwengine anamtafuta mwongo. Kwetu maiti haiwekwi. Nassor alirudi mbio, akawahi kuingia kaburini kumlaza. Mie, mtoto wa kike, haki yangu ilikuwa kumwosha mama yangu. Alioshwa na Bi Zuwena.

Nilipofika nyumbani Nassor aliniuliza swali moja tu, nilikuwa wapi. Nikamwambia. Hakunitukana. Angenitukana ningepumua! Alinitazama, akavaa viatu akaondoka, na tangu siku hiyo baina yetu ni salamu ya Idi tu.

Lakini lililonimaliza ni neno Bi Zuwena alilolificha mpaka arubaini ikapita. Nilimlazimisha, nikamwapisha, akaniambia. Neno la mwisho la mama lilikuwa, "Msimharakishe mwanangu. Nizwa mbali, asije akakimbiza gari."

Mungu wangu! Roho inatoka, yeye anahofia barabara ambayo sikuwako.

Ndugu zangu mnaolea wazee, kuchoka si dhambi. Semeni mmechoka. Mwiteni ndugu ashike zamu, nendeni mkatembee, mkapunge upepo, ila waambieni mnakwenda wapi, na simu iwe wazi. Msichukue dua ya mzazi kwa safari ya uongo. Mwambieni mama kweli, hata kama kweli yenyewe ni kwamba mnataka kumkimbia siku mbili. Wangu mie angeniombea hata kwa hiyo. Angeushika msahafu vilevile, angenipulizia vilevile... nnajua, na hilo ndilo linaloniua.